Kulewa Bahari: Mwili Unapoteza Nini?

Mimi ni bwana shamba. Nilipovuka bahari mara ya kwanza, kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, Mafia, sikula kitu asubuhi. Nilidhani tumbo tupu halitapiki. Nilikosea sana.

Tulipoiacha mikoko na kuingia bahari kubwa, chombo kilianza kuyumba. Mate yalinijaa mdomoni. Jasho baridi lilinitoka. Nilitapika mpaka nyongo. Tulipofika Kilindoni, nilishikwa mkono ili niweze kushuka.

Kwa nini tunalewa?

Ndani ya sikio kuna kiungo kidogo chenye maji. Kiungo hiki huuambia ubongo kwamba mwili unayumba. Lakini ukikaa ndani ya chombo, macho yanaona ukuta na sakafu vimetulia. Sikio linasema hivi, macho yanasema vile. Ubongo unachanganyikiwa, na kichefuchefu kinaanza.

Mwili unapoteza nini?

Kichefuchefu kikianza, tumbo hupunguza kazi yake. Chakula hukawia kushuka. Hata kidonge ukikimeza wakati huo hakisaidii sana.

Ukitapika unatoa maji, chumvi na tindikali ya tumboni. Misuli na moyo vinahitaji maji na chumvi hizo ili vifanye kazi vizuri. Mkulima anajua jambo hili. Mche ukikosa maji hunyauka, hata kama mbolea ipo.

Tena, asiyekula hapati nguvu mpya. Mwili unatumia sukari iliyowekwa akiba katika ini. Ini ni kama ghala. Akiba ikipungua, mwili unatumia zaidi mafuta yake. Mtu mzima mwenye afya ana akiba ya kutosha safari fupi. Mtoto mdogo ana ghala dogo. Mgonjwa wa kisukari naye yuko hatarini. Akitumia dawa yake kisha asile, au atapike chakula, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Amwone mganga kabla ya kusafiri.

Ufanye nini?

1. Kula chakula chepesi kabla ya safari. Usile mafuta mengi. Usinywe pombe.

2. Kama unatumia dawa ya kuzuia kutapika, meza kabla chombo hakijaondoka, kama mganga alivyokueleza. Mama mjamzito aulize kwanza.

3. Kaa katikati ya chombo, penye hewa. Tazama mbali, pale bahari na mbingu zinapokutana. Usisome.

4. Ukitapika, kunywa kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Maji yenye chumvi na sukari ni bora. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

5. Ukiona mdomo mkavu, mkojo mchache na mweusi, au mtu amelegea na hanywi, mpelekeni zahanati mara mnapofika.

Siku ya kurudi nilikula mkate na chai. Nilikaa katikati, nikatazama mbali. Kichefuchefu kilikuja, lakini sikutapika. Nilishuka Nyamisati kwa miguu yangu mwenyewe.

Kinga ni bora kuliko tiba.