Deni laweza kukutia maradhi: Lilipe bila kujinyima chakula na dawa

Je, wewe hushtuka kila simu inapolia? Hulala saa nne usiku, kisha saa nane macho yakafunguka na ukaanza kupiga hesabu gizani: kodi ya nyumba, karo, nauli na lile deni la benki? Asubuhi kichwa kinauma, tumbo linachoma, na ukifika kazini unamkaripia kila mtu.

Huenda umekwisha kununua vidonge vya kichwa mara kadhaa bila kupata nafuu. Kabla hujanunua vingine, jiulize unadaiwa pesa ngapi kwa jumla. Watu wengi wa mjini hawawezi kujibu swali hilo. Wanajua tu kwamba ni nyingi, na hofu hiyo huwala ndani kwa ndani.

Mwili unavyoumia

Mtu anapoogopa, mwili hutoa homoni za kumwandaa kukimbia au kupigana. Moyo hupiga mbio, misuli hukaza na shinikizo la damu hupanda. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini deni si mbwa mkali ambaye ukishamponyoka umepona. Unalala nalo na kuamka nalo, kwa hivyo mwili haupati nafasi ya kupumzika. Usingizi hupotea, na asiyelala vizuri hukasirika upesi na kuamua mambo vibaya, pamoja na mambo ya pesa.

Madhara mengine hutokana na vile tunavyojaribu kusahau. Mmoja huzidisha pombe, mwingine sigara. Mbaya zaidi ni mgonjwa wa presha au kisukari anayeruka dawa ili apate pesa za kulipa deni. Huyo haokoi chochote, kwa kuwa matibabu ya kiharusi au ya figo yatamgharimu mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, usidhani kila maumivu yanaletwa na mawazo. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria, au na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni zinazomezwa ovyo. Nayo presha mara nyingi haina dalili yoyote. Nenda ukapimwe.

Mtego wenyewe

Ovadrafti ni ruhusa ya kutoa pesa zaidi ya zile ulizo nazo katika akaunti. Zamani ilikuwa ya wenye akaunti za benki pekee, lakini tangu Fuliza ilipoanzishwa mwaka wa 2019, hata anayetumia M-Pesa kununua sukuma wiki anaweza kuichukua. Ubaya wake ni kwamba pesa zikiingia tu, deni hukatwa kwanza. Unabaki na kidogo, na kabla ya katikati ya mwezi unakopa tena. Unadhani umelipa, kumbe unazunguka mahali pamoja.

Kadi ya mkopo nayo haina riba kwa ununuzi ukilipa deni lote kufikia siku iliyowekwa. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, riba huanza kuhesabiwa. Na ukiitumia kutoa pesa taslimu kwenye mashine ya ATM, kwa kawaida riba huanza siku hiyo hiyo.

Tuseme una deni la kadi la Sh40,000, na riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni Sh1,400. Ukilipa Sh2,000, ni Sh600 tu zinazopunguza deni lenyewe. Kwa mwendo huo, hata usiponunua kitu kingine kwa kadi, utalipa kwa miezi 35 na utatoa karibu Sh70,000. Lakini ukilipa Sh6,000 kila mwezi, utamaliza kwa miezi minane, na utakuwa umetoa takriban Sh46,400. Tofauti ni zaidi ya Sh23,000. Hizo ni pesa za kununua dawa za presha kwa muda mrefu.

Ufanye nini?

Kwanza, andika madeni yote kwenye karatasi moja: unayemdai na unayedaiwa naye, kiasi, riba au ada, na tarehe ya kulipa. Fanya hivyo mchana, si usiku kitandani. Wengi hupata kwamba jumla ni kubwa, lakini angalau ina mwisho.

Pili, acha kuongeza. Toa kadi mfukoni na uiache nyumbani. Ukiweza, omba benki ipunguze kiwango unachoruhusiwa kukopa.

Tatu, tenga kwanza pesa za chakula, kodi, nauli ya kazini na dawa. Hizi usiziguse. Zinazobaki ndizo za kupunguzwa: bia, sigara, soda, kifurushi cha intaneti na chakula cha mchana cha hotelini. Pika githeri au ndengu Jumamosi na ubebe kazini. Unga na mafuta ya kupimiwa kidogo kidogo kwenye kioski hugharimu zaidi ya pakiti nzima, kwa hivyo nunua vya wiki mbili siku ya mshahara.

Nne, lipa kiwango cha chini kwa kila deni ili usitozwe faini, halafu elekeza kila shilingi iliyobaki kwa lile deni lenye riba kubwa zaidi. Likiisha, hamishia kiasi kile kile kwa linalofuata. Usikirudishe kwenye matumizi.

Tano, punguza ovadrafti kwa ngazi. Ikiwa kiwango chako benki ni Sh20,000, omba kishushwe kwa Sh2,000 kila mwezi. Baada ya miezi 10 utakuwa umetoka. Ile ya simu, kama mwezi huu ulikopa Sh3,000, mwezi ujao usivuke Sh2,500, kisha Sh2,000. Ukijaribu kuacha kwa siku moja huku mfuko ni mtupu, utarudi.

Ikiwa wewe ni mwanachama wa Sacco, linganisha riba. Mikopo ya Sacco nyingi ni nafuu kuliko ya kadi, na waweza kulipa deni la kadi kwa mkopo huo. Lakini ukifanya hivyo na kadi ibaki mfukoni, mwishowe utakuwa na madeni mawili.

Haki zako

Ukiona huwezi kulipa, nenda benki kabla ya tarehe kufika, uombe muda mrefu zaidi au awamu ndogo. Kujificha huongeza faini, na pia hofu.

Sheria nayo haikukuacha mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kupita thuluthi mbili za mshahara wako. Sheria ya benki nayo husema kwamba mkopo ukishaacha kulipwa, riba haiwezi kuzidi deni lililokuwa limesalia wakati huo. Na kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutukana au kuwapigia simu jamaa na marafiki walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Ukitendewa hivyo, weka ujumbe huo kama ushahidi na upige ripoti.

Usibebe peke yako

Mwambie mkeo au mumeo. Ni vigumu kupunguza matumizi ya nyumba ikiwa mwenzako hajui sababu, naye ataona tu kwamba umekuwa mchoyo na mkali. Wengi waliothubutu kusema hupata usingizi usiku huo huo, ingawa hakuna shilingi iliyolipwa.

Ikiwa umekosa usingizi kwa majuma kadhaa, hamu ya chakula imepotea, au unawaza kwamba ni afadhali ufe, huo ni ugonjwa na una tiba. Mwone daktari au mshauri leo, wala usingoje mwisho wa mwezi. Waweza pia kupiga simu kwa Shirika la Msalaba Mwekundu, nambari 1199, bila malipo.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini dawa hunywewa kwa kipimo. Lipa kila mwezi kiasi unachokimudu, na usiache kula wala kumeza dawa zako, ili siku deni litakapoisha uwe na afya ya kufurahia mshahara wako.