Vijana wetu wajifunze zana ipi ya kupima tovuti?

Katika kupanga mafunzo ya kompyuta kwa vijana wa Bagamoyo limejitokeza swali ambalo kamati za sharika na wafadhili wanapaswa kulielewa kabla ya kupitisha bajeti: kijana anayetaka kazi ya kupima tovuti aanze na zana ipi?

Kupima tovuti ni kuhakikisha kwamba mtu akijaza fomu, mathalani ya kumwandikisha mtoto shule, inapokelewa bila hitilafu. Kila tovuti inapobadilishwa kazi hiyo hurudiwa, na binadamu huchoka. Zana hizi hukiendesha kivinjari zenyewe: hufungua ukurasa, huandika, hubonyeza, kisha hutoa taarifa ya kilichoharibika.

Ya zamani ni Selenium, iliyoanzia Chicago mwaka 2004, na kampuni nyingi bado zinaitumia. Cypress ni nzuri, ila inamfunga mwanafunzi kwenye JavaScript na ndugu yake TypeScript. Playwright ilitolewa na Microsoft mwaka 2020. Zote tatu hupakuliwa bure, hivyo atakayeleta ankara ya leseni aulizwe maswali.

Kwa hali yetu ya pwani, jambo kubwa ni mtandao. Ukurasa hufika vipande vipande. Kwa Selenium, mwandishi wa jaribio lazima aeleze mwenyewe lisubiri nini. Wanaoanza huishia kuandika "subiri sekunde tano". Siku mtandao ukiwa mzito zaidi jaribio linafeli ingawa tovuti ni nzima, na kijana anapoteza mchana akitafuta kosa lisilokuwepo. Playwright, kabla ya kubonyeza kitufe, hukagua yenyewe kama kinaonekana, kimetulia na kinaweza kubonyezwa.

Ndiyo maana napendekeza Playwright, kwa lugha ya Python, ambayo itawafaa pia katika hesabu na takwimu hata kazi hii isipopatikana. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida hupakua vivinjari vyake, mzigo wa mamia ya megabaiti kwa kila kompyuta. Mwalimu anaweza kuielekeza itumie Chrome iliyokwisha kuwekwa.

Fedha zitakazohitajika kweli ni za kompyuta, umeme, vifurushi vya intaneti na mwalimu atakayekaa nao miezi kadhaa. Somo la kwanza liwe fomu ya michango ya usharika, lakini kwenye nakala ya mazoezi. Zana hii hubonyeza kweli. Ikielekezwa kwenye fomu halisi, mtunza hazina atakuta ahadi hamsini za mtu asiyekuwepo.