Ushuru Uvukao Maji

Mtangawanda, bandari ya Kisiwa cha Pate ipokeayo mashua na boti zitokazo Lamu kwa njia ya mkondo wa Mkanda, ni mahali pafaapo sana kutafakari habari ya ushuru. Kwani sukari, simiti na petroli havifiki huko ila baada ya kulipiwa nauli ya bahari, na ndani ya nauli hiyo serikali ina fungu lake.

Kenya ilianzisha kodi ya mauzo mwaka 1973, na mwaka 1990 ikaibadili kuwa ushuru wa ziada ya thamani, huu ambao wachuuzi wote huuita VAT, na ambao kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Petroli ilitiwa asilimia 8 mwaka 2018, ikapandishwa hadi 16 mwaka 2023. Mwaka uliofuata Mswada wa Fedha ulitaka mkate nao utozwe. Pendekezo hilo likaondolewa, vijana wakajaa barabarani kwa ajili ya mengineyo, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akakataa kuutia saini.

Watetezi wa ushuru huu husema kwamba una insafu, kwa kuwa kila mnunuzi hutozwa kiwango kimoja. Kauli hiyo, huku Pate, ina walakini. Tajiri aliyesajiliwa hudai ushuru alioulipa aliponunua. Ama mwenye duka ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka, halazimiki kusajiliwa, na asiposajiliwa hana cha kudai, basi ushuru wa shehena aliyoitwaa Lamu, pamoja na ule wa petroli ya boti, huutia wote katika bei, na juu ya jumla hiyo ndipo huweka faida yake. Hata mkate ule ulionusurika, ukivushwa kwa boti, hufika mji wa Faza, kisiwani humo, ukiwa na ushuru wa mafuta.

Kaunti ya Lamu, ambayo Pate imo ndani yake, haina uwezo wa kuupunguza ushuru huu wa VAT, maana kifungu cha 209 cha Katiba kimeukabidhi kwa serikali kuu pekee. Kwa hiyo, Bunge litakapotaka tena maoni ya wananchi juu ya Mswada wa Fedha, watu wa Pate na waandike, wadai petroli ya vyombo vya abiria na shehena visiwani iondolewe ushuru huo.