Picha kwa Matabaka: Siri ya Mkutano wa Video

Tuchukue mfano wa mwalimu anayewafundisha wanafunzi 30 kwa njia ya mkutano wa video. Mwanafunzi mmoja yuko mjini, mbele ya kompyuta yenye mtandao wa kasi. Mwingine yuko kijijini, ana simu ndogo, na mawimbi humfikia kwa shida. Kamera ya mwalimu ni moja. Je, picha yake itumwe kwa kiwango cha nani? Ikiwa kubwa, wa kijijini atakatikiwa na somo; ikiwa ndogo, darasa zima litapata hasara kwa sababu ya mtandao wa mmoja.

Hebu kwanza tuupime mzigo wenyewe. Picha yenye upana wa nukta 1,280 na kimo cha nukta 720 ina nukta 921,600. Kila nukta ikielezwa kwa biti 24, na picha 30 zikipigwa kila sekunde, tunapata biti zaidi ya milioni 663 kwa sekunde. Ili kuupunguza mzigo huo, kompyuta hutumia ukweli kwamba picha mbili zinazofuatana hufanana sana. Basi hutuma tofauti tu baina ya picha moja na iliyoitangulia. Kazi hiyo huitwa usimbaji.

Lakini hapo pana tatizo. Kila picha ikitegemea ile iliyo mbele yake, ukiondoa moja, zote zinazofuata huharibika. Kwa hiyo haiwezekani kumpunguzia mzigo yule wa kijijini kwa kutupa picha chache ovyo. Njia ya zamani ilikuwa kuweka katikati kompyuta kubwa, ikafumbua picha zote na kuzisimba upya kwa kadiri ya kila mpokeaji. Kazi hiyo ni ghali, tena huchelewesha mazungumzo.

Usimbaji wa matabaka, ulioongezwa mwaka 2007 katika kanuni ya kimataifa iitwayo H.264, hulitatua tatizo hilo kwa kuupanga upya utegemezi wenyewe. Mwalimu anaweza kuuonyesha darasani. Wanafunzi wanane wasimame mstari mmoja, wakiwa na kadi za namba 1 hadi 8. Namba 1 na 5 ni tabaka la msingi: 5 hutegemea 1 tu. Namba 3 na 7 ni tabaka la pili: 3 hutegemea 1, na 7 hutegemea 5. Namba 2, 4, 6 na 8 ni tabaka la tatu, na kila moja hutegemea jirani yake wa kushoto. Sasa waondoeni wa tabaka la tatu. Waliobaki hawakupoteza lolote wanalolitegemea! Waondoeni na wa tabaka la pili. 1 na 5 bado wamesimama imara. Mwendo wa picha umekuwa mzito, lakini mwalimu anaonekana.

Ukubwa wa picha nao hugawanywa vivyo hivyo. Tabaka la msingi laweza kuwa na nukta 320 kwa 180, yaani sehemu moja tu ya 16 ya picha yetu ya kwanza. Matabaka ya juu huongeza yale yanayokosekana.

Kilichobaki ni ugawaji. Mwalimu husimba mara moja na kutuma nakala moja tu kwa seva. Seva hufanya kazi kama karani wa posta: haifungui barua, bali husoma namba ya tabaka juu ya bahasha. Wa mjini hupelekewa bahasha zote. Wa kijijini hupelekewa za msingi. Mawimbi yakiimarika, naye huongezewa.

Faida hii ina gharama yake. Kwa ubora uleule, matabaka huhitaji biti zaidi kuliko usimbaji wa kawaida, na kompyuta ya mtumaji hufanya kazi zaidi. Ndiyo maana programu nyingine huamua kutuma nakala mbili au tatu za ukubwa mbalimbali, ingawa njia hiyo humtwisha mtumaji mzigo mkubwa.

Hata hivyo, fundisho la msingi linabaki. Udhaifu wa mtandao wa mmoja si lazima uwapunguzie wengine, wala haufai kumtoa yeye darasani.