Sikukuu za Majira ya Kuchipua India (2): Bihu ya Assam

Juma lililopita tulikuwa Mathura kwenye Holi. Leo twende mashariki, bonde la mto Brahmaputra katika jimbo la Assam, ambako mwaka mpya huingia katikati ya Aprili kwa sikukuu ya Bohag Bihu.

Siku ya kwanza ni ya ng'ombe. Asubuhi hupelekwa mtoni au bwawani, wakapakwa manjano na choroko nyeusi zilizopondwa, wakaogeshwa, wakarushiwa vipande vya mumunye na biringanya huku wakiimbiwa wanenepe mwaka hata mwaka. Jioni hufungwa kwa kamba mpya. Kesho yake ndiyo zamu ya watu: vijana huwaamkia wazee na kuwapa gamosa, kitambaa cheupe chenye nakshi nyekundu. Miungu husubiri siku ya tatu.

Mpangilio huo, kwangu mimi, ni ushahidi mzito. Sikukuu iliyozaliwa hekaluni isingemtanguliza maksai mbele ya mungu. Hii ilizaliwa shambani, mvua zikikaribia, mkulima wa mpunga akimtegemea mnyama wa kuvuta plau. Wabodo, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kitibeti na Kiburma, husherehekea Bwisagu msimu huohuo, nao pia huanza na ng'ombe.

Tarehe ndiyo iliyotoka kwa wanajimu wa Kihindu. Bihu hufuata jua kuingia burji la Hamali. Yapata miaka 1,700 iliyopita, tukio hilo lililingana na siku ya Machi ambapo usiku na mchana huwa sawa. Lakini mhimili wa dunia huzunguka polepole, kiasi cha digrii moja kila miaka 72, na leo pengo limepita wiki tatu.

Kisha wakaja Waahom, mwaka 1228, kutoka upande wa Burma, na dini yao wenyewe. Baadaye wafalme wao waliufuata Uhindu, wakawa walezi wa Bihu. Kutoka Rang Ghar, jengo lao la ghorofa huko Sivasagar, walitazama nyati wakipigana siku za sikukuu.

Ngoma ya Bihu haikuheshimiwa hivyo na kila mtu. Vijana wa kiume na wa kike waliicheza nje mashambani, kwa viuno na nyimbo za mapenzi, na katika karne ya 19 wasomi wengi wa Assam waliiona fedheha. Aprili 2023, watu zaidi ya 11,000 waliicheza pamoja katika uwanja mmoja mjini Guwahati.

Juma lijalo: Vishu ya Kerala.