Nyasi za Mgodini na Nyasi za Malishoni

Sogeeni, vijana wangu, niwasimulie habari za nyasi zilizotengana bila kuhama.

Kaskazini mwa Wales, katika kisiwa cha Britania, kuna mahali paitwapo Trelogan. Zamani watu walichimba risasi na zinki huko. Mgodi ulipokufa, wachimbaji walikwenda zao, wakaacha vifusi vya mawe na vumbi lililojaa metali. Ubavuni mwa vifusi hivyo kuna malisho ya kijani. Ukisimama mpakani, mguu mmoja waweza kukanyaga kifusi na mwingine malisho.

Malishoni humea nyasi ambazo wataalamu huziita Anthoxanthum odoratum. Zikikatwa na kukauka, hunukia vizuri sana. La kushangaza ni kwamba nyasi hizohizo zimeota hata kifusini, kwenye zinki nyingi inayoua mimea. Ziliwezaje?

Chukua mbegu za malishoni, uzipande kwenye udongo wa mgodini. Zitachipua, lakini baada ya siku chache miche itadumaa. Ng'oa mmoja uutazame: mzizi ni mfupi, na ncha yake imeacha kukua. Mzizi usiporefuka, mmea haupati maji wala chakula, nao hufa. Lakini katika maelfu ya miche, hukosi michache ambayo mizizi yake inaendelea kushuka chini. Miche hiyo haikujifunza ujasiri siku hiyo. Ilizaliwa nao, kwa sababu jeni ilizorithi kwa wazazi wake zinaiwezesha kuvumilia metali. Ndiyo iliyobaki hai, ikazaa, na watoto wake wakaurithi uvumilivu huo. Kizazi baada ya kizazi, kifusi kikajaa nyasi vumilivu.

Basi kwa nini nyasi hizo zisienee malishoni pia? Kwa sababu kwenye udongo mzuri kuna kusongamana, na nyasi za mgodini hushindwa na majirani wanaokua upesi. Kila udongo unachagua watu wake.

Hapo pakazuka tatizo. Chavua ya nyasi hubebwa na upepo, na upepo haujui mpaka. Chavua ya malishoni ikitua kwenye ua la mgodini, mbegu itakayopatikana itakuwa na mchanganyiko, na miche itakayotoka humo huenda isivumilie metali ya kifusini kama mama yake. Ikifa, mama atakuwa amepoteza nguvu zake bure.

Mwaka 1968, watafiti Thomas McNeilly na Janis Antonovics walichapisha walichokigundua: nyasi za mgodini zilichanua mapema kuliko za malishoni. Fikirieni watu wawili wanaokwenda gulio moja, mmoja Jumatatu na mwingine Alhamisi. Njia ni ileile na mahali ni palepale, lakini hawataonana. Ndivyo ilivyo kwa nyasi hizi. Ua la mgodini linapokuwa tayari kupokea chavua, maua mengi ya malishoni bado hayajafunguka. Zaidi ya hayo, nyasi nyingi za mgodini zina uwezo mkubwa wa kujichavusha zenyewe, bila kungoja chavua ya jirani.

Labda mtauliza: je, si udongo tu unaoziharakisha? Swali zuri. Watafiti walizichukua nyasi za pande zote mbili wakazipanda katika bustani moja, udongo mmoja, jua moja. Hata huko, za mgodini zilitangulia kuchanua. Kwa hiyo tofauti ile imo ndani ya jeni zenyewe. Takriban miaka 40 baadaye Antonovics alirejea Trelogan, akakuta tofauti ya kuchanua bado ipo.

Nimewasimulia haya kwa sababu wengi hudhani viumbe hawawezi kutengana mpaka bahari au mlima uwe kati yao. Nyasi za Trelogan zinatuonyesha kwamba hatua chache zinatosha, iwapo udongo wa huku unaua kile ambacho udongo wa kule unalea, na iwapo maua ya pande mbili hayafunguki kwa wakati mmoja. Bado ni spishi moja, lakini mlango wa kuchanganyika umeanza kufungwa.

Hata kwetu Afrika ardhi yenye metali ina mimea yake. Huko Katanga, nchini Kongo, vilima vya shaba vina miti michache lakini vina mimea iliyozoea shaba, na mmojawapo, Haumaniastrum katangense, umejulikana kama ua la shaba.

Nanyi mnaweza kuanza uchunguzi. Tafuteni mmea mmoja unaoota sehemu mbili tofauti, kwa mfano bondeni na kilimani, muandike tarehe ya ua la kwanza kila upande. Tarehe zikitofautiana, msikimbilie kusema ni jeni. Chukueni mbegu za pande zote mbili, mzipande katika bustani moja, kisha mngoje zichanue. Bustani hiyo ndiyo itakayowajibu.