Unachanganya jini na nini? Siyo kila soda inafaa kila chupa

Mtu anatoa hela nzuri kununua chupa ya jini, anafika nyumbani anaijazia Coca-Cola mpaka juu. Kila mtu na kinywa chake, sawa, lakini alicholipia kwenye ile chupa ni harufu ya viungo, na kwenye kola harufu hiyo haisikiki tena. Angenunua kinywaji kikali chochote cha bei ya chini asingeona tofauti.

(Tunaongelea jini ya kaunta, siyo yule wa hadithi za pwani. Ingawa wote wawili hukaa kwenye chupa.)

Jini ni pombe kali iliyotiwa ladha ya juniperi, kitunda kidogo cheusi-samawati chenye harufu inayokaribia ya msonobari. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka ladha hiyo ndiyo itawale, na kilevi kisipungue asilimia 37.5. Baada ya hapo kila kiwanda kinaongeza vyake: mbegu za giligilani, maganda ya limao na chungwa, iliki, mdalasini, mizizi, maua. Hizo nyongeza ndizo zinazoamua uchanganye na nini.

Kwa hiyo anza hivi. Mimina kidogo kwenye glasi, tia maji kiasi hicho hicho, nusa, kisha onja. Maji yanapunguza ukali, na harufu iliyojificha inatoka. Utajua kama chupa yako ni kavu, ya maua, ya viungo au ya sukari.

Jini kavu: hapa toniki ndiyo mwenyewe

Ukiona chupa imeandikwa London Dry, usidhani lazima imetoka London. Hilo ni jina la namna ya kutengeneza: ladha zote ziingie wakati wa kukeneka, na baada ya hapo hairuhusiwi kuongeza rangi wala ladha, na sukari iwe kama hakuna. Gordon's na Tanqueray ziko kundi hili. Zina ukavu na uchungu mwepesi, na toniki ina uchungu na utamu. Vinakutana vizuri.

Uchungu wa toniki unatokana na kwinini, ile ile dawa ya malaria iliyotoka kwenye maganda ya mti wa Amerika Kusini, mti ambao pia umelimwa kwa miaka mingi huko Kivu, mashariki mwa Congo. Waingereza waliokuwa India walikunywa kwinini kujikinga, na kwa kuwa ilikuwa chungu kupita kiasi wakaipunguza makali kwa sukari, maji ya gesi, ndimu, na jini. Miaka ya 1870 Schweppes walishakuwa wanauza toniki yenye kwinini ikiwa tayari kwenye chupa.

Na hapa kuna jambo la kuweka sawa, maana baa zetu hazikosi daktari wa kaunta anayesema toniki inazuia malaria. Haizuii. Marekani, kwa mfano, inaruhusu kwinini isiyozidi takriban miligramu 83 kwa lita moja ya toniki. Dozi ya kawaida ya kwinini kwa mtu mzima ni kama miligramu 600, mara 3 kwa siku. Yaani dozi moja tu ingekudai zaidi ya lita 7 za toniki. Ukihisi homa, nenda kapime. Na kama kwinini iliwahi kukudhuru ulipopewa hospitali, toniki achana nayo kabisa, tafuta maji ya soda.

Kingine: toniki siyo maji. Soma nyuma ya chupa. Ikiwa imeandikwa gramu 8 za sukari kwa mililita 100, ile chupa ndogo ya mililita 200 ina gramu 16, sawa na vijiko 4 vya chai.

Bitter lemon, kama ile ya Krest, ni ndugu wa toniki: ina uchungu ule ule na limao juu yake. Kwa jini kavu za kawaida kama Gilbey's inafaa sana, labda kuliko toniki yenyewe, kwa sababu jini hizo hazina mambo mengi na limao linazichangamsha. Lakini jini ambayo tayari imejaa ladha ya limao na chungwa, ukiiwekea bitter lemon unarudia neno lile lile mara mbili.

Jini za maua na tango

Hendrick's ya Scotland, iliyoanza kuuzwa 1999, ina tango na waridi. Kundi hili ni la upole, na toniki kali inaligandamiza. Chagua toniki nyepesi, au changanya nusu toniki nusu maji ya soda, kisha weka vipande viwili vya tango. Ndimu acha. Watu wengi wanakamua ndimu kwenye kila kitu kwa mazoea tu, na hapa ndimu inaua waridi.

Jini za viungo, na mti wetu wenyewe

Nairobi kuna jini inaitwa Procera, na jina lake ni la mti: Juniperus procera, juniperi ya Afrika. Wakenya wengi wanaujua kama mutarakwa, na kule Usambara unaitwa mwangati. Wengi tunaufahamu kwa mbao na nguzo za uzio, siyo kwa pombe. Wazungu kwa kawaida hutumia juniperi iliyokaushwa, hawa wanatumia mbichi, ndiyo maana ladha yake iko tofauti.

Jini ya namna hii, na nyingine zenye iliki au pilipili manga, toniki ya kawaida inaivumilia, lakini jaribu jinja ale, ile soda ya tangawizi isiyo kali. Chupa ikiwa ya bei kubwa hivyo, toti ya kwanza inywe na barafu peke yake. Ujue kwanza ulichonunua.

Stoney Tangawizi je? Ina moto mno kwa jini laini. Mahali pake ni kwa Uganda Waragi na Konyagi, na hapo haina mpinzani. Waragi, ambayo jina lake linasemwa limetokana na "war gin", yaani jini ya vita, ina ubavu wa kusimama mbele ya tangawizi. Konyagi ya Tanzania ina kilevi asilimia 35, hivyo kwa kipimo cha Ulaya haifiki kuwa jini, japo kwenye meza nyingi inachukuliwa hivyo. Weka Stoney baridi na ndimu nusu, inatosha.

Za pinki na zenye sukari

Gordon's ya pinki ilitoka 2017 na ikafungua mlango kwa nyingine nyingi za matunda. Zina utamu tayari. Kosa linalofanyika ni kuongeza Sprite au juisi ya boksi, halafu unashangaa kichwa kinagonga asubuhi na umekunywa glasi nyingi kuliko ulivyopanga, kwa sababu utamu unateleza. Hizi zinataka maji ya soda tu. Waragi ya nazi nayo ni hivyo hivyo, au iwekee madafu. Madafu na jini siyo uzushi wa Mombasa. Bahamas wana kinywaji chao kinaitwa sky juice: jini, maji ya nazi na maziwa mazito ya kopo.

Juisi nyingine zikiwa fresh zinafaa, ila zisijaze glasi. Balungi ndiyo bora kuliko zote kwa jini kavu, na ukipaka chumvi kidogo kwenye ukingo wa glasi, mtu aliyekua akila embe kwa chumvi na pilipili hahitaji kuelezwa zaidi. Ukwaju na pesheni zipunguze kwa maji ya soda.

Kipimo

Toti moja ya mililita 30 yenye kilevi asilimia 40 ina mililita 12 za kilevi halisi. Ukiiongezea mililita 90 za toniki, glasi yako ina asilimia 10, mara mbili ya bia ya kawaida. Ukiimalizia chupa yote ya mililita 200, inashuka mpaka karibu asilimia 5. Kwa ladha, sehemu 1 ya jini kwa 2 au 3 za toniki ndiyo inayopendwa. Ukitaka kukaa usiku mrefu, nenda kwenye ile ya pili. Kwenye chupa pia kuna zinazoitwa Navy Strength, zina asilimia 57. Hizo siyo za kumimina kwa macho.

Barafu jaza glasi. Barafu mbili tatu zinayeyuka haraka na kukuachia maji. Toniki itoke kwenye friji na iwe imefunguliwa sasa hivi. Ile ya chupa kubwa ya jana gesi imeshakwenda.

Usichanganye na energy drink. Kafeini inakuondolea usingizi, haiondoi pombe kwenye damu, kwa hiyo unajiona mzima na unachukua funguo za gari au unapanda boda ukiwa umelewa. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizionya kampuni 4 zilizokuwa zikiuza vinywaji vya kilevi vilivyotiwa kafeini tayari.

Na hakuna soda inayosafisha pombe feki. Methanoli huwezi kuitambua kwa kuonja, na kuichanganya na toniki hakubadilishi kitu. Angalia stempu ya kodi kwenye kifuniko. KRA na TRA zote zina programu ya simu ya kuikagua. Mtu akilalamika macho hayaoni vizuri saa kadhaa baada ya kunywa, hiyo siyo hangova. Mkimbize hospitali, na chupa ibebeni.

Ukiwa baa, agiza jini kwenye glasi yake yenye barafu, na toniki iletwe pembeni bado imefungwa. Ifunguliwe mbele yako, umimine mwenyewe. Kama kuna zile taa za zambarau za disko, isogeze hapo: kwinini inang'aa bluu chini yake. Isipong'aa, muulize mhudumu amekuletea nini.